Ujipatie Blanketi

"Blanketi langu liko wapi?!"

"Mama, soma tangazo vizuri..."

"Nimesoma! Karatasi arobaini za sabuni..."

"...u-ji-pa-ti-e! Halikusema tutakupa!"

"Mjukuu wangu kazaliwa juzi, analala kwenye gunia, Odilo! Na baridi hii ya Juni!"

Hapo mimi nipo chini ya kaunta, wadau. Nimekumbatia debe la mafuta ya taa, meno yanagongana. Na si kwa baridi ya Makambako!

Maana lile tangazo... niliandika mimi.

Nyie mnaolia pointi zenu za simu zimeyeyuka, sisi tulishayaonja hayo 1955, enzi za Mwingereza. Babu yenu nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Makerere, digrii nimeiacha njiani. Nilichorudi nacho ni koti zito la sufu. Na mdomo.

Odilo mwenye duka akaniambia, "Msomi, sabuni haitoki. Niandikie kitu."

Nikachukua ubao na rangi nyekundu: LETA KARATASI 40 ZA SABUNI, UJIPATIE BLANKETI!

"Sasa mimi blanketi ninazo wapi?"

"Kwani tumesema tunatoa? Tumesema ajipatie. Mwenyewe!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Siku hiyo sasa, Mama Hulda katoka kijiji cha Ramadhani, kule Njombe, juu ya lori la magome ya miti ya miwati. Mkono mmoja furushi, mwingine panga. Nyuma yake wanawake kumi na kitu, mlango wameuziba.

"Nani aliandika?"

Odilo akanipiga teke. "Huyu hapa! Chini ya kaunta!"

Odilo!! Mtu nimekula naye ugali jana!

Nikatoka kwa magoti.

"Kamwene, msomi," akanisalimia. Taratibuuu.

Jamani, salamu ile ilinitisha kuliko panga.

"Ka... kamwene, mama."

"Ujipatie, maana yake nini?"

"Mama, ulikuwa utani tu..."

"Nimekuuliza maana."

"Mtu... achukue mwenyewe."

Panga likapanda juu! Nikafumba macho, nikaanza Baba Yetu, nikaruka mkate wa kila siku, nikafika kwenye maovu...

KACHA!

Nikajipapasa shingo. Ipo!

Alikuwa amekata kamba ya furushi. Karatasi zikatapakaa magotini kwangu.

"Hesabu."

Nikahesabu. Nyingine zina masizi, nyingine zimekunjwa kama barua. Kijiji kizima cha Ramadhani kilikuwa kimemchangia.

Wadau, ukitaka kumtegea mtu neno, kwanza lisome ukiwa na baridi yake.

"Zimetimia?"

"Zimetimia, mama."

Odilo akaanza kunyata kuelekea stoo. Mama Hulda hata hakumtazama. Alinitazama mimi, juu mpaka chini, akachomeka panga kiunoni...

"Basi vua koti, mwanangu. Nijipatie."