Ubeti wa Nne

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata mama yangu mdogo, na mpaka leo ukimgusia hukunja uso, akakuuliza kama huna kazi.

Bibi yetu alikuwa kitandani, hali ikizidi kuwa mbaya, na alitamani kitu kimoja tu: kuusikia tena wimbo wa ujana wake. Kwanza lilikuwa shairi. Walilikariri darasani kwa kuogopa fimbo, hadi bendi moja ikalitia muziki, ndipo watu wakagundua kumbe lilikuwa tamu siku zote. Bibi alisema gitaa liliingia taratibu, kama mgeni mwenye adabu, na mwanamke aliyeuimba hakupaza sauti. Alikuwa kama anakuambia wewe peke yako: usikomee mlango, nitarudi.

Mwimbaji alishafariki kitambo. Sahani ya santuri ya bibi ilibaki mikwaruzo mitupu.

Mama mdogo huimba kwenye maharusi, basi akasema, "Nitamwimbia mwenyewe." Asubuhi moja ya jua kali akaenda studio ya jamaa mmoja tunayemwita Masikio, chumba kidogo nyuma ya duka la rangi.

Masikio akatangulia kurekodi gitaa, kisha beti tatu zikaenda kama maji. Kwenye wa nne, Masikio akasimamisha mitambo.

"Dada, umevuta pumzi mara mbili."

"Sijavuta."

"Basi turudie."

Wakarudia. Wakabadilisha waya. Wakazima feni, jasho likawatiririka. Wakarudia tena, na ile pumzi ikawepo tena, sekunde moja kabla ya yake. Mama mdogo hana subira. Akamwambia kuitwa Masikio si kusikia. Masikio naye akanuna, akapandisha sauti ya spika ili amwoneshe.

Hapo wote wawili wakaisikia.

Chini ya sauti ya mama mdogo kulikuwa na sauti nyingine. Ya kike. Tulivu. Mama mdogo alikuwa ameimba "nitarudi."

Ile nyingine iliimba "nimerudi."

"Futa," mama mdogo akanong'ona.

Akafuta. Wakarekodi upya. Ilikuwepo. Safari hii, karibu zaidi.

Alitoka pale analia, na anaapa kuwa hakulia kwa woga. Ni hasira. Mama yake anakufa, wimbo ni beti nne tu, na hata hizo zimemshinda! Akachukua zile tatu kwenye simu, akaenda nazo hivyo hivyo, pungufu.

Bibi alisikiliza amefumba macho. Gitaa lilipoingia, akatabasamu. Midomo yake ikafuata maneno, moja baada ya jingine. Ubeti wa tatu ukaisha. Simu ikawa kimya.

Bibi akaendelea kusikiliza.

Kidole chake kilikuwa kinapiga mdundo juu ya shuka.

"Mama, umeisha."

"Sss! Unanikatizia."

Mama mdogo akaitazama simu. Ilikuwa imezima kioo. Akaisogeza sikioni. Hakuna kitu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, machozi yakamtoka, akashusha pumzi ndefu.

"Huyu ndiye," akasema. "Hao wengine walikuwa wanajaribu tu."

Wiki hiyo hiyo akafariki, usingizini.

Hilo ndilo linalomkera mama mdogo kuliko vyote. Alihangaika, akagombana na watu, akaimba mpaka koo likakauka. Na neno la mwisho la mama yake likawa sifa kwa mwingine. Hajui hata amlaumu nani.

Matanga yalipokwisha, Masikio akampigia simu.

"Dada, samahani. Wewe hupaka rangi ya mdomo?"

"Sijawahi maishani mwangu. Kwa nini?"

"Basi. Si kitu."

"Masikio. Sema."

"Nimevua sponji inayofunika maikrofoni niifue. Ina alama ya midomo. Nyekundu."

"Si wateja wako hao?"

"Wateja huimbia kwa nje, dada," akanong'ona. "Hii iko upande wa ndani."