Alama Iliyohamishwa

Kila akitoka shule, Pilipili alipitia karakana ya mama yake, akatundika mkoba kwenye msumari, akaanza kuokota nati zilizodondoka. Jina hilo alibandikwa kwa ajili ya hasira zake za karibu. Zamani kuokota nati kulimletea sifa. Siku hizi sifa zote zilikuwa za Dada, binti wa mama yake mkubwa, aliyekuja kujifunza ufundi. Dada kafanya hiki, Dada kaona kile. Wivu ulimjaa Pilipili.

Wiki hiyo kiwanda cha dawa za kusafishia kilileta pipa refu la chuma lenye mirija mingi. Maji baridi hupita ndani ya mirija, dawa ya moto huzunguka nje yake na kupoa. Sasa mrija mmoja ulikuwa na ufa, na dawa ilivujia kwenye maji. Mama alimwachia Dada autafute peke yake: akifaulu, ataajiriwa, akishindwa, atarudi kwao.

Dada alijaza maji nje ya mirija, akayasukuma kwa pampu, akakagua midomo ya mirija mmoja mmoja mpaka akauona uliokuwa ukichuruzika. Akautia alama ya chaki, kisha akazunguka nyuma akatia nyingine kwenye mdomo wa pili wa mrija uleule.

Mama akamsifu kwamba ana jicho la fundi. Pilipili naye alikuwa na jicho, ila lake lilikuwa kijicho. Wenzake walipokwenda kunawa, akafuta alama ya nyuma kwa kiganja, akachora nyingine kwenye mrija wa jirani.

Mama akapigilia vizibo palipowekwa alama, mbele na nyuma. Pampu ilipoanza tena, nyuma kukavuja vilevile. Dada aliduwaa, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba bora akafungashe nguo zake. Pilipili alitegemea kufurahi. Badala yake moyo ulimuuma.

"Mama, Dada hakukosea. Mimi ndiye niliyehamisha alama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu siku hizi unamwona yeye tu."

Mama aliweka nyundo chini.

"Pipa hili lingerudi kiwandani hivi, lingeweza kumuunguza mtu. Sikiliza, mwanangu. Mrija uliopasuka ukizibwa upande mmoja, bado unavuja. Upande wangu ni kukusahau, nami nitauziba. Upande wako ni kumharibia mwenzako ili uonekane wewe. Huo hakuna atakayekuzibia."

Pilipili akamwomba Dada radhi huku machozi yakimtoka. Dada alisema yamekwisha, akampa kizibo akishike wakati yeye akikipigilia mahali pake. Kile cha makosa wakaking'oa.

Pampu ikaanza mara ya tatu. Dada akasimama mbele. Mama akamwambia Pilipili, "Nenda nyuma ukatuangalizie."

Pilipili akachungulia mdomo mmoja baada ya mwingine, bila haraka.

"Pakavu, Mama."

Mama akazima pampu, wala hakwenda kuhakikisha.