Nyumba Kumi na Nane Bila Mabati

Inspekta Amisi alikosea, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukubali: alimfunga mtu kabla hajauliza nani ameibiwa.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka 2001, waasi wakitawala kutoka Beni mpaka Butembo. Amisi, mzaliwa wa Mulekera kule Beni, alikuwa ndio kwanza ameshuka kwenye pikipiki, vumbi la njia ya Beni mpaka kwenye kope. Akainua macho. Avenue Matofali, pale Butembo, haikuwa na bati hata moja. Nyumba kumi na nane, huku na huku, zimekaa wazi kama masanduku yaliyokosa vifuniko. Moshi wa majiko ulipanda moja kwa moja mbinguni.

Katika upolisi wake alishaona baiskeli iliyoibiwa, jogoo aliyeibiwa, hata kengele ya shule. Paa za avenue nzima, bado.

"Wezi!" akapiga kelele.

Watu wakatazamana. "Wezi?" akauliza mama mmoja. Kisha akaitika haraka: "Eee, wezi, chef! Wezi kabisa."

Hapo ndipo alipomkamata Mbusa, sentinele, yaani mlinzi wa avenue, akampeleka kituoni.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Ku kazi, chef."

"Ulilala?"

"Hapana, sikulale."

"Ulikunywa?"

"Chai."

"Donc uliona wezi."

"Sikuone mwizi hata mumoja."

"Manjanja, mabati ya nyumba kumi na nane, iliruka yenyewe kama popo?"

Mbusa akafikiri. "Hiyo nayo sikuione, chef."

Amisi alikaribia kucheka. Lakini alishatoa ripoti, na sauti ya komanda ikakoroma kwenye redio: mwizi wa mabati apandishwe pick-up saa sita, apelekwe Beni kwa wanajeshi. Kicheko kikamkauka mdomoni. Waliopanda pick-up ile kabla ya Mbusa, Amisi hakuwahi kuona hata mmoja akirudi. Mbusa naye alisikia. Akaingia mwenyewe cachot, chumba cha mahabusu.

Saa nne, Amisi alirudi kwenye eneo la tukio kutafuta ushahidi. Akachunguza mbao za juu: matundu safi, hakuna ubao uliopasuka. Akachunguza chini: hakuna msumari. Watoto wadogo walikuwa wakitambaa uani, na mama yao, mpangaji Anne-Marie, hata hakuwaangalia.

"Mama, batoto hawatachomwa na misumari?"

"Misumari gani, chef? Tuliiokota yo..."

Akajiziba mdomo.

"Muliokota?"

Anne-Marie akawabeba watoto wake, akaingia ndani. Amisi akafungua daftari. Palipoandikwa "Mlalamikaji" palikuwa peupe. Tangu asubuhi, hakuna aliyelalamika ila yeye.

"Mwenye nyumba ni nani hapa?"

Wakamwonyesha Mama Kaswera, mjane wa Masereka, aliyejenga nyumba zote kumi na nane kwa kuuza viazi na mboga za poaro kwa miaka ishirini. Alikuwa anasonga bugali chini ya mbingu tupu, ametulia kabisa.

"Mama, Mbusa anaenda Beni saa sita."

Mwiko ukasimama. "Beni? Kwa basoda?"

"Kwa basoda."

"Mais hakuibe kitu!"

"Basi nani aliiba?"

Akajipangusa mikono. "Nifuate."

Walikwenda mpaka depo ya kahawa nyuma ya avenue. Kaswera akavuta turubai. Amisi akavua kofia bila kujua kwamba anaivua. Paa kumi na nane zilikuwa zimelala pale, bati juu ya bati, kila moja na namba ya nyumba yake kwa makaa. Juu yake makopo ya misumari, iliyonyooshwa mmoja mmoja.

"Nani alifanya hii?" akanong'ona.

"Sisi. Jana, misa ilipokwisha. Balokateri, bapangaji bangu, walipanda juu, miye nikashika ngazi. Mbusa njo aliokota misumari."

"Juu ya nini?"

"Agent wa impôt anakuja leo kuhesabu nyumba za kupangisha. Nyumba iko na manjanja, inalipa. Haina, ni chantier, bado inajengwa, hailipe."

"Mama, hiyo ni kukwepa kodi."

"Andika vile. Mais andika na ingine: nililipia serikali ya Kinshasa, nikalipia waasi ba kwanza, sasa ni hawa. Batatu! Hakuna hata mumoja alinipa musumari. Nikilipa tena, nitapandisha loyer ya bapangaji. Hawa batu walikimbia vita. Wataenda kupanga wapi, ku miti?"

"Na Mbusa? Mbona alinyamaza?"

"Anapanga kwangu. Nyumba ya mwisho, karibu na kisima. Batoto tano." Akanyoosha mikono. "Funga miye, umuache."

Amisi aliitazama ile mikono, ngumu kama mizizi, kisha akayatazama yale mabati. Akaandika: *Wizi: hakuna. Mlalamikaji: hakuna.*

"Mimi ni polisi ya wezi," akasema. "Impôt iko na bureau yake."

Saa tano na nusu Amisi alimwambia komanda kwa redio kwamba hakuna mwizi, na Mbusa akatoka cachot, akiomba chai.

Saa sita agent alifika, rejista kwapani. Akasimama mwanzoni mwa avenue, shingo nyuma, mdomo wazi. Halafu, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, akasema:

"Chantier."

Akaandika. Akasogea nyumba ya pili, polepole, akashangaa tena kutoka mwanzo.

Huko juu, upande wa Lubero, wingu jeusi lilikuwa linashuka. Tone la kwanza likaanguka kwenye rejista.

"Papa agent," akasema Mama Kaswera kwa adabu, "tafadhali, hesabu mbio kidogo."

Agent alikuwa bado anatazama juu. Amisi alikuwa anakagua viatu vyake.