Ufa Kwenye Mkia wa Dakota

Kila siku baada ya masomo, Ghislaine alivua sare, akala, kisha akaingia karakana ya mama yake, nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Kadutu. Mama Yolande alichonga ndege za kivita za zamani kwa mbao. Zilikuwa ndogo za kuweka mezani, lakini hazikukosa kitu: propela, magurudumu, hata milango. Kazi ya Ghislaine ilikuwa kuzilainisha kwa msasa.

Alhamisi moja mama alimwonyesha Dakota, ndege iliyobeba askari vitani zamani. "Gundi ya mukia haijakauka. Usiiguse mpaka kesho."

Mama alipokwenda sokoni, Ghislaine aliinyanyua ndege ile, akakimbia nayo uani kama inayopaa. Ikamponyoka. Mkia ukapasuka! Haraka haraka akajaza ufa kwa gundi na unga wa mbao, akapaka rangi.

Tangu hapo hakutulia. Jioni ile hakula. Kesho yake darasani mwalimu alimwita mara mbili, asisikie. Kila aliposema moyoni, "Nitamwambia Maman sasa," aliishia kuchukua msasa na kuendelea na kazi.

Ijumaa alasiri waliipeleka ndege kwa mtu aliyeiagiza, Papa Alphonse. Mzee huyo alikuwa fundi wa ndege jeshini, na sasa macho yake yalikuwa hayaoni. Alitaka kuwaonyesha wajukuu, kwa mikono yake, ndege alizotengeneza ujanani.

"Pua hii hapa," alisema akitabasamu. "Na moteur mbili, ndiyo!" Vidole vyake vikaziacha injini, vikatembea juu ya bawa, vikaelekea nyuma. Ghislaine akasogea mbele.

"Papa, ngoja! Mukia iko na ufa. Ni mimi niliivunja, nikaficha. Maman hajui."

Mama alimkodolea macho. Papa Alphonse alinyoosha kidole. "Niwekee pale."

Ghislaine akakishika kidole, akakiweka kwenye ufa. Mzee alipapasa mara mbili, tatu.

"Umeifunika vizuri, mutoto wangu. Singeijua."

Ghislaine alilia. Mama aliirudisha ndege kikapuni. "Utuvumilie, Papa. Mukia mupya ataichonga yeye mwenyewe."

Jumamosi nzima Ghislaine alichonga. Mkia wa kwanza ulikuwa mnene, wa pili ulikatika. Wa tatu ulikaa sawasawa, naye akawa na malengelenge viganjani. Jumatatu waliirudisha ndege. Papa Alphonse aliupapasa mkia, akacheka, akawaita wajukuu wote.

Njiani kurudi, Ghislaine alimsimulia mama yote, hata ya darasani, na mama akamshika mkono.

"Hata mimi navunja vitu, Ghislaine. Lakini umeona ulivyoteseka siku zile: hukula, hukusikia mwalimu, na mzee angelipokea kitu kibovu kwa sababu tu haoni. Siku nyingine ukikosea, uniambie palepale. Nitakasirika kidogo, kisha tutatengeneza."

"Ndiyo, Maman," Ghislaine alijibu. Kisha akasema ana njaa.