Mtoto wa Kwenye Kaseti

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote ya mwezi wa saba. Ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ukakaa Karatu mjini hadi saa nne, kisha ukaondoka na kuliachia vumbi jekundu nafasi yake. Noel alifungua kibanda chake cha gemu, akafagia, akaning'iniza blanketi dirishani ili mwanga usipige kioo cha televisheni, akasubiri mashine ya kusaga ya jirani iwashwe. Mwaka huo wa 2001 umeme wa kibanda chake ulitoka kwenye jenereta ya mashine hiyo. Mashine ikinguruma, watu wanacheza. Ikinyamaza, wanatoka nje kuota jua.

Noel alikuwa kijana wa Machame. Alikuja Karatu kutafuta maisha kwenye utalii kama wenzake wengi, Kiingereza kikampiga chenga, akaangukia kwenye gemu. Alikuwa na televisheni ndogo, padi mbili zilizofungwa kwa gundi ya karatasi, na mashine kuukuu ya kuchezea kaseti za gemu, ya aina ambayo huko ng'ambo ilishatupwa stoo zamani. Alikuwa pia na mchumba, Anitha, binti wa Mzee Eliamani. Na huyo Mzee Eliamani ndiye mwenye mashine ya kusaga, tena mzee wa kanisa. Ndoa ilishatangazwa Jumapili mbili. Lilibaki tangazo moja, la kesho yake. Pingamizi lisipotokea hapo, Noel angekuwa mtu na heshima zake Karatu.

Sasa, kaseti iliyokuwa ikiwajaza watu kibandani haikuwahi kuuzwa duka lolote. Noel alidanganya kwamba aliinunua Arusha. Ukweli ni kwamba aliletewa na Selina, msichana wa Qurus aliyekuwa akifua nguo kwenye loji moja kule juu, ukingoni mwa kreta. Mgeni mmoja mzee alimpa Selina akamwomba aitupe. Alimweleza kwamba ujanani alikuwa mchoraji katika kampuni ya gemu, kwamba hiyo walikuwa bado wanaichora kampuni ilipoamua kuiacha, ikafutwa kabla ya kuingia sokoni. Alikuwa ameibeba miaka yote na sasa alitaka kuitua. Selina hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima. Akampelekea kijana aliyempenda.

Gemu yenyewe haikuwa na mambo mengi. Mtoto anatembea kwenye njia. Mwisho wa njia kuna nyumba moja yenye mlango wa kahawia. Ukibonyeza, mtoto anainua mkono na kubisha. Ngo, ngo, ngo. Basi. Nyuma ya nyumba ardhi ilikuwa imekatika, kijivu kitupu, na uso wa mtoto haukuwa umechorwa. Ulikuwa bapa, rangi ya udongo. Lakini wanaume wazima walishindana hapo wiki baada ya wiki nani ataufungua ule mlango, na hakuna aliyeweza.

Selina akashika mimba.

Kwao, Wairaqw, kuna mwiko wa zamani ambao baba yake alikuwa bado anaushika kwa mikono miwili. Binti akibeba mimba bila kuolewa hazai nyumbani kwa baba yake. Anatengwa. Haingii nyumba ya mtu, haombi moto, hanywi kikombe kimoja na watu, mpaka mambo yasafishwe. Mwanamume aliyempa mimba akijitokeza na kusema ni yangu, njia inafunguka. Asipojitokeza, msichana anabaki nje. Selina alihamishiwa kwenye kibanda cha udongo kule Buger, karibu na msitu, na shangazi yake Cresensia ndiye pekee aliyekubali kumhudumia. Kwa kumhudumia, naye akawa haingii kwa watu.

Noel aliucheka mwiko huo kama mambo ya kizamani. Lakini ulimfaa, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Selina alipokuja mwezi wa tano, tumbo limeshatoka, hakuvuka mfereji wa mbele ya kibanda. Alisimama ng'ambo, kanga begani, akasema taratibu, "Noel, mwambie tu baba kwamba mtoto ni wako. Sitaki kingine."

Wateja walikuwa mlangoni. Noel akawatazama, akacheka kidogo, akamjibu, "Dada, umenifananisha."

Wakacheka naye. Selina akainama, akaokota ndoo yake ya njano, ile ambayo Noel mwenyewe alimpa siku za mapenzi, akaondoka. Tangu hapo Noel alilala vizuri kwa sababu moja tu: alijua Selina hawezi kuvuka ule mfereji.

Turudi Jumamosi ile. Mashine ya kusaga ilinguruma, kibanda kikajaa. Yohani, fundi pancha wa barabara kuu, akataka kaseti ya mlango. Akashika padi. Mtoto akatokea kwenye njia kama kawaida.

Ila nyuma ya nyumba hakukuwa na kijivu tena.

Kulikuwa na shamba la ngwara, yale maharage ya kutambaa. Nyuma ya shamba, kibanda cha udongo. Nje ya kibanda, ndoo ya njano. Watu wakashangilia, wakidhani Yohani amefungua hatua mpya. Noel hakushangilia. Mkono wa ile ndoo ulikuwa umefungwa waya, na waya huo aliufunga yeye.

Pembeni ya ndoo alikaa mwanamke, ameshika kiuno.

Yohani aliweka padi sakafuni, polepole. "Noel," alisema kwa sauti ya chini, "mimi sijabonyeza kitu."

Mtoto alikuwa anatembea mwenyewe. Akampita mwanamke. Akalipita shamba. Akafika kwenye nyumba, na mlango haukuwa wa kahawia tena. Ulikuwa wa bluu, una kiraka cha bati chini, kushoto. Mlango wa kibanda cha Noel.

Ngo, ngo, ngo.

Watu wote waligeuka. Hawakugeukia televisheni. Waligeukia mlango.

Waliporudisha macho kwenye kioo, mtoto alikuwa akiwatazama. Alikuwa na uso sasa. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja juu kama jani la kahawa lililokauka. Ukoo mzima wa Noel una sikio hilo. Baba yake analo. Yeye analo.

"Noel," Yohani alinong'ona. "Sikio lako."

Noel alihisi macho ya kila mtu yamemganda kwenye shavu la kushoto, akauinua mkono bila kupenda, akalifunika sikio lake. Aibu ilimwaka mwilini hadi kwenye nyayo. Alikwenda mlangoni akafungua, labda ili atoke tu.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya mfereji alisimama Cresensia, vumbi limempanda hadi magotini.

Alisema Selina ameanza uchungu tangu jana na mambo hayaendi vizuri. Mwenye pikapu wa pale Buger amekataa kumbeba mtu aliyetengwa. Lakini amesema baba wa mtoto akifika na kusema neno mbele yake, atawasha gari, atampeleka hospitali.

"Njoo useme, baba," Cresensia alimwambia. "Ni neno moja tu."

Mzee Eliamani alikuwa amesimama mlangoni pa mashine yake, unga umemjaa kwenye nyusi. Alikuwa anasikia. Noel akamwona. Akaiona kesho, kanisa limejaa, Anitha kwenye benchi la mbele.

"Mama, umekosea mlango," alisema. "Simjui huyo."

Cresensia hakumtukana. Alimtazama tu, akageuka. Mzee Eliamani akaingia ndani. Mashine ya kusaga ikazimwa.

Jenereta ikanyamaza. Feni ikasimama. Taa ikafa.

Televisheni haikuzimika.

Ngo, ngo, ngo.

Mtoto kwenye kioo alishusha mkono. Akageuka, akawapa mgongo. Akakaa chini, mlangoni, kama mtu aliyeambiwa asubiri. Kisha shamba likafutika. Kibanda kikafutika. Ndoo ikafutika. Kikabaki kijivu, na mlango, na mtoto. Ndipo kioo kikazimika.

Watu wakatoka mmoja mmoja bila kuagana.

Huenda utasema Noel angekimbia Buger saa ileile. Hata yeye amejiuliza hivyo. Alikaa kitandani na viatu vyake miguuni mpaka kukakucha, akijiambia kwamba tangazo likishapita atakwenda, atafanya kila kitu, kimyakimya.

Jumapili mchungaji alisoma jina lake na la Anitha kwa mara ya tatu, akauliza kama yupo mwenye neno.

Ngo, ngo, ngo.

Ilitoka nyuma, mlango mkubwa. Noel hakuthubutu kugeuka. Alijua mlango ule ulikuwa wazi kabisa, jua linaingia hadi kwenye mabenchi. Hakuna mtu anayebisha mlango ulio wazi. Waumini walikaa tu wakingoja, hawajasikia lolote. Ni mtu mmoja aliyegeuza shingo kutazama, Mzee Eliamani. Alitazama mlango, akamtazama Noel, akainamisha kichwa. Mchungaji akafunga daftari, na kwaya ikasimama.

Mchana ule Noel aliazima baiskeli akapanda Buger. Aliitambua ndoo ya njano kwa mbali. Kando ya shamba la ngwara kulikuwa na udongo mbichi uliorundikwa, mdogo, na mawe juu yake. Cresensia akamzuia kwa mkono asisogee. Alimweleza kwamba mtoto alizaliwa alfajiri, wa kiume. Hakulia. Alipumua kwa shida mpaka watu walipoanza kutoka kanisani, kisha akaacha. Aliongeza jambo ambalo Noel hakuuliza: sikio lake la kushoto lilikuwa limejikunja.

Selina alikuwa hai. Alikaa mlangoni, amejifunika kanga, hajasuka nywele. Noel alianza kusema kitu kuhusu kusamehewa na maneno yakamkauka mdomoni, maana aliyasikia yalivyo mepesi. Selina hakulia.

"Nilimsikia jana anabisha," alisema, akitazama shamba. "Mchana kutwa. Nikamwambia aache, mwanangu. Mlango huo haufunguki."

Jioni hiyo hiyo Noel alikwenda kwa Mzee Eliamani akasema yote. Mzee alimsikiliza akiwa amekaa juu ya gunia. Hakumfukuza. Alisema tu kwamba alimsikia Cresensia vizuri, na kwamba alizima mashine ili asisikie zaidi. Wote wawili walitazama sakafu. Ndoa haikufungwa, na Anitha akarudi Moshi kwa shangazi yake. Selina alihamia Mbulu, na nasikia aliolewa huko.

Kaseti Noel aliiponda kwa jiwe akaitupa chooni. Televisheni aliiuza, kinyozi mmoja wa Baray akaichukua bila kujua lolote.

Miaka michache baadaye, safari za kununua vitunguu zilimpeleka Noel huko Baray, akaingia kunyolewa. Saluni ilikuwa na watu wanaongoja zamu. Alikaa kwenye kiti, akatazama kioo cha ukutani, na ndani yake akaiona ile televisheni nyuma yake, kwenye rafu. Haikuwa imewashwa. Lakini kwenye weusi wa kioo chake kulikuwa na alama hafifu, kama iliyoungua: njia, nyumba, mlango wenye kiraka chini.

Kinyozi aliona anapotazama. Akasema alama hiyo aliikuta. Fundi alimwambia kioo huungua hivyo picha ikikaa palepale miezi mingi.

"Kuna katoto hapo mlangoni," kinyozi alisema, akishusha mashine ya kunyolea. "Siku zote kamekaa, kametupa mgongo. Wateja wanakajua." Akasogea karibu na rafu, akakunja uso. "Leo kamesimama."

Mtoto alikuwa amesimama. Mkono umeinuliwa.

Noel alivua shuka la kunyolea. Upande mmoja wa kichwa umenyolewa, mwingine bado. Watu wote walimtazama, na safari hii hakulifunika sikio.

"Karibu," alisema. Sauti ikamkatika, akarudia kwa nguvu, mbele yao wote. "Karibu, mwanangu. Ni kwako hapa."

Mmoja akacheka, akaacha. Noel akatoka bila kumaliziwa kichwa.

Televisheni bado iko Baray. Ukienda utaiona alama: njia, nyumba, na mlango ulio wazi. Mtoto hayupo tena, na kinyozi anaapa hajaigusa.

Noel anaishi peke yake siku hizi, anauza mbegu palepale kibandani. Kuna jambo moja ambalo majirani wamelizoea na hawamuulizi. Kila anapofika mlangoni, uwe wake au wa mtu mwingine, haingii moja kwa moja. Anaufungua, anasogea pembeni, anasubiri kidogo akitazama chini, usawa wa goti.

Kisha ndipo anaingia na yeye.