Globu Iliyopasuka Jikoni kwa Bi Mayasa

Bi Mayasa wa Mkokotoni hushona kofia kwa mkono. Magharibi ikiingia, huwasha taa akaendelea. Kwa hiyo hakukosa globu za akiba, zile za kioo kilichosokotwa. Alizitia jikoni, kwenye kikapu cha vitunguu, bila ya maboksi yake.

Asubuhi moja mjukuu wake Kheir, mtoto wa miezi kumi, alitambaa mpaka jikoni akakivuta kikapu. Globu moja ikaanguka, ikapasuka.

Bi Mayasa alimnyakua mtoto. Akamtazama mikono, magoti, mdomo. Hakukatwa popote.

"Alhamdulillahi!" alisema, akashika ufagio.

"Hodi! Kuna nini, Bi Mayasa?" Alikuwa Ulfat, binti wa jirani, fundi wa umeme.

"Globu imepasuka, mwanangu. Nnafagia."

"Usifagie! Mtoe mtoto nje, na wewe utoke."

Ulfat alifungua madirisha yote, kisha akawafuata uani.

"Globu zile zina zebaki ndani," alieleza. "Ni kidogo, lakini ni sumu. Ukifagia unaitimua, na Kheir anatambaa papo hapo. Tungoje robo saa, hewa ibadilike."

Walipoingia, Ulfat alivaa glavu. Alizoa vigae kwa kipande cha boksi, akavitia katika chupa ya kioo. Vumbi alilifuta kwa karatasi iliyoroa maji, nayo akaitia chupani. Akafunga kifuniko, akanawa mikono kwa sabuni.

"Hii haitupwi jaani. Ntamuuliza sheha, mkuu wa mtaa wetu, taka kama hizi zinapelekwa wapi."

Jumamosi wakaenda mjini, madukani Mlandege, kununua globu za LED, ambazo hazina zebaki.

"Nipe ya wati sitini, nione vizuri," Bi Mayasa alimwambia muuzaji.

"Hizo za kizamani, Bi Mayasa," alisema Ulfat. "LED ya wati tisa inatoa mwangaza ule ule, na umeme inakula kidogo."

Muuzaji alizijaribu zote mbele yao, akawapa risiti na karatasi ya dhamana.

Nyumbani, Ulfat alizima swichi, akangoja globu kuukuu ipoe, ndipo akaibadilisha. Za akiba, pamoja na zile za kikapuni, walizirejesha kwenye maboksi yake. Wakaziweka rafu ya juu chumbani, pakavu, mbali na mvuke wa jikoni na mikono ya mtoto. Jioni ile Bi Mayasa alitunga uzi sindanoni bila ya kumwita mtu.

Asubuhi alikwenda kwa Bi Salhiya, mama yake Ulfat.

"Nimekuja kushukuru. Mwanao kaniokolea mjukuu wangu. Na siku ile uliponambia anasomea umeme, mimi nilicheka. Nisamehe, shoga yangu."

Bi Salhiya alimshika mkono. "Nshakusamehe. Ingia ndani, unioneshe globu zangu niziweke wapi. Mimi Ulfat akinambia, simsikilizi."