Chatu wa Isaura

— Umempeleka wapi chatu wangu, Tiburcio?

Isaura alisimama mbele ya sanduku tupu, simu sikioni, mkono kiunoni. Upande wa pili basi lilikuwa linanguruma.

— Mpenzi, nitakueleza nikirudi.

— Nieleze sasa hivi!

Simu ikakatika. Punde ukaingia ujumbe: "Usinitafute leo. Nafanya hivi kwa ajili yako."

Kwa ajili yake! Isaura alijua ni kwa ajili ya nani. Mama Crescencia, mama yake Tiburcio, alikwisha kutamka kwamba wanawake wa kijiji chao cha Nueva Armenia hawatakwangua muhogo wa harusi uani mwa mtu anayefuga nyoka. Na harusi ya Wagarifuna, watu wa pwani ile, bila mikate ya muhogo ni harusi gani?

Lakini Perla hakuwa nyoka wa kutupwa. Alikuwa chatu kibete wa visiwani, aliyekuja amejikunja ndani ya shehena ya nazi, ambaye hata akikomaa hazidi urefu wa mwanamke. Mchana alikuwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na ya mchanga. Giza likiingia alipauka taratibu kama tui. Akijizungusha mkononi mwa Isaura, alikaza kwa adabu, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Isaura alingoja hadi alasiri, uvumilivu ukamwishia. Alikwenda moja kwa moja uani kwa Mama Crescencia, akamkuta amekaa na dada yake, Eduviges, wanaosha vibao vya kukwangulia.

— Mama mkwe, hongera. Umeshinda.

— Nimeshinda nini tena?

— Mwanao kamtupa Perla. Pete yenu hii hapa, akasema akiivua na kuitupa chini.

— We mtoto! Unaacha mwanaume kwa sababu ya nyoka?

— Namwacha kwa sababu kanichukulia changu kimyakimya. Leo chatu, kesho atachukua nini?

— Hapo kasema, akadakia Eduviges.

— Hebu nyamaza wewe! Mimi sijamtuma mtu.

Hapo lango likalia. Tiburcio aliingia kifua wazi, jasho linamtiririka, shati lake limeviringishwa mikononi kama kitoto kichanga. Ndani ya shati kulikuwa na kitu kinachojinyonganyonga.

— Perla! Isaura alimrukia. — Ulikuwa naye wapi?

— Mjini, La Ceiba. Kwa daktari wa wanyama.

— Daktari wa nini?

— Jana niliyaona macho yake. Yameingia ukungu wa buluu, kama ya marehemu bibi. Nikajua ni mtoto wa jicho. Nikasema, akipofuka wiki ya harusi, utalia mpaka kanisani.

Isaura alijiziba mdomo, kicheko na kilio vikigombania mlango mmoja.

— Tiburcio wangu, anajiandaa kujivua gamba! Macho huwa hivyo, kisha hutakata yenyewe.

— Ndivyo alivyoniambia daktari. Alicheka mpaka akakaa chini.

Eduviges naye alikuwa hoi, kibao kimemponyoka. Mama Crescencia peke yake hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa mwanawe, uliojaa vidoa vya damu vilivyopangika nusu duara.

— Amekuuma?

— Ndani ya basi, mama. Hakuniona, akashtuka. Abiria wote wakanihama.

— Na wewe unayemkimbia mjusi hukumwachia?

— Ningemwachia wapi, mama? Haoni.

Mama Crescencia aliufuta mkono ule kwa ncha ya leso yake, polepole, kisha akaiokota pete na kumrudishia Isaura kiganjani.

— Mwanamke akipata mwanaume wa hivi, hamrudishi. Eduviges, beba vibao. Tunakwangua kwake.

— Na nyoka je?

— Nyoka yuko kwao. Sisi ndio wageni.

Isaura alimbusu Tiburcio shavuni mbele ya mama yake bila aibu.

— Siku nyingine niulize kwanza, kichwa maji wee.

— Siku nyingine utampeleka mwenyewe!

Kesho yake nyimbo za muhogo zilirindima uani kwa Isaura, vibao vikikereza, unga ukiruka. Mama Crescencia alijichagulia kiti karibu kabisa na sanduku. Katikati ya wimbo akanyamaza, akainama, akachungulia ndani.

— Isaura, mwanangu, mbona huyu mwenzetu amelala tu? Amekula?